Motokaa ya Parokia Ikitetemeka



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo labda mtu ataliona kuwa ni la mafundi tu, wala si la gazeti la jamaa za Wakristo. Nalo ni tetemeko la motokaa. Sisemi juu ya motokaa mpya za mjini, bali zile za zamani zivutazo kwa magurudumu yote manne, ambazo parokia nyingi za vijijini zazitegemea kama jamaa itegemeavyo jembe lake.

Motokaa ya namna hiyo si ya Padre peke yake. Ndiyo impelekayo kwenye vigango kusoma Misa na kuwapaka wagonjwa Mafuta matakatifu. Ndiyo ichukuayo saruji ya kanisa, mbegu za wakulima, na viti vya arusi. Usiku hugeuka kuwa gari la wagonjwa. Na fedha za kuitunza hazitoki mbinguni kama mana. Zatoka katika debe la mahindi, katika kikapu cha maharagwe, katika shilingi iliyofungwa kwenye ncha ya kanga ya mama mjane. Kwa hiyo motokaa ikianza kutetemeka, na watu wakaanza kununua kifaa hiki na kile kwa kukisia, mali ya maskini ndiyo iangukayo njiani.

Neno langu la leo ni moja: tetemeko haliponywi kwa kununua vitu, bali kwa kuuliza maswali kwa utaratibu, kuanzia lile lisilo na gharama. Nitaeleza kwanza mambo yenyewe, kisha niwape habari ya motokaa ya parokia yetu huku Ufipa, ili mwone kwamba hayo si maneno matupu.

Propela na kazi yake

Mashine ya motokaa iko mbele, na ekseli ya nyuma iko mbali nayo. Kati yake kuna giaboksi, na nyuma ya giaboksi kuna giaboksi ndogo, ile igawayo nguvu kwenda nyuma na mbele. Kutoka hapo nguvu hupita katika bomba refu la chuma lizungukalo, ambalo mafundi waliita propela. Propela ya nyuma huishia kwenye difu, yaani lile chungu la chuma katikati ya ekseli. Iko na propela ya mbele pia, ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele wakati wa matope.

Propela huzunguka upesi kuliko magurudumu. Katika motokaa kama yetu, gurudumu likizunguka mara moja, propela huzunguka mara nne na kidogo. Mkienda mwendo wa kilometa 80 kwa saa, gurudumu la kimo cha sentimeta 80 huzunguka karibu mara 9 kwa sekunde moja, na propela karibu mara 36, yaani zaidi ya mara 2,000 kwa dakika moja. Chuma kizito kikizunguka hivyo, hata kosa dogo lisiloonekana kwa jicho hugeuka kuwa tetemeko kubwa.

Kila upande wa propela kuna kiungo kiitwacho krosi. Jina lenyewe maana yake ni msalaba, kwa kuwa ndilo umbo lake: miguu minne midogo, na kila mguu umevikwa kikombe chenye sindano nyembamba za chuma ndani yake. Kwa kiungo hicho propela yaweza kupinda ikizunguka, ekseli ipandapo na kushuka katika mashimo ya barabara. Si kitu cha jana. Katika lugha nyingi za Ulaya kiungo hicho huitwa kwa jina la Cardano, tabibu na mwanahisabati wa Italia aliyeishi miaka 1501 hata 1576, na Waingereza wengine hukiita kwa jina la Robert Hooke, mtaalamu wao wa karne ya 17.

Lakini krosi ina tabia moja ambayo yapasa kuijua. Ikipinda, haipitishi mwendo kwa usawa. Katika kila mzunguko propela huharakishwa kidogo mara mbili, na kucheleweshwa kidogo mara mbili. Ndiyo sababu zawekwa krosi mbili, moja mbele na moja nyuma, ili ya pili isahihishe kosa la kwanza. Mmekwisha kuona wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja. Mmoja ainuapo mchi, mwenzake ashusha, na kazi yaenda vizuri. Wakikosana mapigo, michi hugongana na kinu huyumba. Ndivyo zilivyo krosi mbili. Ili zipatane, mambo mawili hayana budi kuwa sawa. La kwanza, masikio ya bomba yashikayo krosi ya mbele na yale yashikayo krosi ya nyuma yalale katika mstari mmoja. La pili, krosi zote mbili zipinde kwa kadiri moja. Hayo mawili shikeni vizuri, maana tutayarudia.

Maswali ya kuuliza

Swali la kwanza: Je, motokaa ni safi chini? Msicheke. Tope lililokauka ndani ya rimu au lililoganda juu ya propela latosha kabisa kuleta tetemeko. Ioshwe chini vizuri, kisha ijaribiwe tena. Gharama yake ni ndoo za maji.

Swali la pili: Tetemeko lafuata nini, mashine au mwendo? Dereva aende mchana kwenye barabara iliyonyoka, isiyo na watu. Afikapo mwendo ule wa tetemeko, akanyage klachi na kuiacha mashine ingurume polepole. Asiizime kamwe, maana breki na usukani vyahitaji nguvu yake. Tetemeko likitoweka mara hiyo, shuku mashine, au klachi, au propela isumbukayo ikivuta mzigo. Likiendelea vile vile mpaka mwendo upungue, mashine haina hatia. Kisha ajaribu tena mwendo ule ule katika gia nyingine. Kwa gia ya nne mashine huzunguka upesi kuliko kwa gia ya tano, lakini propela na magurudumu havibadiliki. Tetemeko lisipobadilika, sababu iko nyuma ya giaboksi.

Swali la tatu: Lasikika wapi, na ni la namna gani? Gurudumu la mbele likiwa na kosa, usukani hucheza mikononi. Gurudumu la nyuma hutikisa kiti. Tetemeko la magurudumu ni la polepole, kama mtu agongaye meza kwa vidole. Tetemeko la propela ni la haraka, kama mvumo wa nyuki, nalo hupanda kutoka sakafuni mpaka kwenye meno. Kama mwashuku magurudumu, yahamisheni, ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele. Tetemeko likihama pamoja nayo, mmepata jibu. Lakini ikiwa baada ya kuingia shimo usukani wote hurukaruka kwa nguvu hata dereva ashindwe kuushika, hiyo si propela. Tazameni viungo vya usukani, beringi za magurudumu na kingipini, wala msiendelee na safari.

Swali la nne: Lazidi wakati gani? Likija wakati wa kuondoka tu, tazama klachi, au krosi zilizopinda mno kwa sababu motokaa imeinuliwa. Likizidi wakati wa kuvuta mlimani, na kuna mlio wa "ko" unapobadili kutoka mbele kwenda nyuma, shuku krosi iliyolika. Likija unapoachia mafuta, pamoja na mlio wa kulia nyuma, shuku beringi ya difu.

Swali la tano: Ni propela ipi? Katika motokaa ambazo magurudumu ya mbele hufungwa na kufunguliwa kwa mkono penye habu, hilo ni jepesi. Habu zikifunguliwa na motokaa ikaenda kwa magurudumu ya nyuma tu, propela ya mbele hulala. Tetemeko likibaki, halitoki kwake.

Baada ya maswali hayo ndipo tuingie chini. Na hapo naomba sana: motokaa isimame mahali tambarare, na magurudumu yawekewe mawe makubwa au vigogo mbele na nyuma. Msitegemee breki ya mkono. Katika Land Rover za zamani breki ya mkono hushika nyuma ya giaboksi ndogo, wala si kwenye magurudumu. Kwa hiyo ukifungua propela ya nyuma, breki hiyo haishiki kitu tena, na motokaa yaweza kumpitia fundi aliyelala chini yake. Kadhalika gia haitaizuia.

Habari ya motokaa yetu

Parokia yetu iko juu katika nyanda za Ufipa, lakini vigango vyetu vingine viko chini katika bonde la Ziwa Rukwa. Njia ya kushuka huko ina kona na mawe, na wakati wa mvua pikipiki nyingi hushindwa. Tuna Land Cruiser iliyotengenezwa mwaka 1994, ya mashine ya dizeli ya silinda sita, yenye springi za mabapa mbele na nyuma. Ni mzee aliyefanya kazi nyingi, wala hatuna mwingine.

Mwaka 2022 motokaa hiyo ilianza kutetemeka. Katika mwendo wa kilometa 50 mvumo ulianza sakafuni, na kwenye 70 hata kioo cha dereva hakikuonyesha kitu. Watu wema walitoa mashauri mengi. Yakanunuliwa matairi manne. Tetemeko likabaki. Magurudumu yakasawazishwa mjini kwa mashine. Likabaki. Zikanunuliwa shokapu. Likabaki. Zikabadilishwa mpira za kushikia mashine. Likabaki vile vile. Mwishowe, mwezi wa pili mwaka 2023, fundi mmoja wa mjini aliizungusha mara moja tu, akasema giaboksi imekufa na tutafute nyingine. Bei ya giaboksi iliyokwisha tumika ingekula mavuno ya vigango vitatu.

Wakati huo motokaa ilikuwa imesimama chini ya mwembe kwa majuma matatu, kwa sababu dereva aliogopa kuishusha mlimani, na aliogopa kwa haki. Ndipo usiku mmoja mama mjamzito wa bondeni alipoanza kuumwa, na mtoto alikuwa amelala vibaya. Walimpandisha kwa pikipiki, dereva mbele, mama katikati, na mama mkwe wake nyuma akimshika. Saa tano za njia ile. Mungu ni mwema. Mama na mtoto wote wazima, na mtoto amekwisha batizwa. Lakini Jumapili iliyofuata, Halmashauri ya Walei ilipokaa kuamua habari ya giaboksi, hapakuwa na mtu aliyezungumza kwa kelele. Wengine walitaka inunuliwe mara moja kwa deni. Wengine walitaka motokaa iuzwe kwa bei yoyote.

Mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu ni vitabu. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto asipoelewa hesabu, usimpe hesabu nyingine, bali rudi nyuma utafute ni hatua gani alipopotea. Basi nikaomba ruhusa kwa Padre nisome mbele ya wajumbe kitabu cha matumizi ya motokaa, tangu mwezi wa saba wa mwaka 2022.

Kitabu kilisema hivi. Tarehe 9 Agosti, kuongeza mabapa ya springi za nyuma, moja kila upande, kwa ajili ya kuchukua saruji ya kanisa la kigango. Tarehe 11 Agosti, krosi moja ya propela ya nyuma, na malipo ya fundi. Tarehe 20 Agosti, katika daftari la safari, dereva ameandika kwa mara ya kwanza: "Gari yatetemeka." Kabla ya hapo, miezi na miezi, hakuna neno hilo hata mara moja.

Nikawauliza wajumbe, "Wazee wangu, je, giaboksi iliguswa mwezi wa Agosti?" Haikuguswa. "Na ni nini kilichoguswa?" Mzee mmoja, ambaye zamani alikuwa fundi wa trekta na sasa macho yake ni mazito, akajibu kutoka nyuma, "Karani, umekwisha jibu mwenyewe. Springi na propela. Tazameni huko kabla hamjauza mahindi ya watu."

Halmashauri ikaahirisha manunuzi kwa majuma mawili. Hilo ndilo azimio lililotuokoa.

Jinsi ilivyotengenezwa

Tulimwita kijana wa kijijini aliyesoma ufundi wa motokaa, na yule mzee wa trekta akaketi juu ya kigoda kumwongoza kwa mdomo. Kwanza waliisafisha giaboksi hatia yake. Mafuta yake yalimwagwa katika beseni safi na kutazamwa juani. Hakuna vipande vya chuma. Kwenye sumaku ya kizibo palikuwa na unga laini tu, ambao ni kawaida ya giaboksi yoyote yenye umri. Kisha kijana alishika kwa mkono mahali propela ifungwapo na kutikisa juu na chini. Hapakucheza. Mafuta yakarudishwa. Giaboksi haikuwa imekufa wala kuugua.

Ndipo wakaitazama propela. Kijana alishika upande mmoja wa krosi kwa mkono huu na upande wa pili kwa mkono ule, akasokota. Krosi mpya haikucheza. Krosi ya zamani, ile ambayo haikubadilishwa mwezi wa Agosti, ilicheza kidogo, na pembeni mwa vikombe vyake palikuwa na unga mwekundu wa kutu. Huo unga ni dalili ya kuaminika: maana yake grisi imekwisha na sindano zasagana kavu.

Mzee akauliza, "Masikio yamelala sawa?" Kijana akalala chali, akatazama kwa muda mrefu, kisha akanyamaza. Masikio ya mbele na ya nyuma hayakulingana. Propela ina sehemu mbili ziingianazo kwa meno, ili iweze kurefuka na kufupika. Ilipofunguliwa mwezi wa Agosti, ilirudishwa meno mawili pembeni. Ni kosa la nusu dakika, nalo halionekani kwa mtu asiyelitafuta. Basi, krosi mbili zilikuwa zikitwanga kama wanawake waliokosana mapigo.

Likabaki jambo la pili, upindaji. Hapo nilileta kipima pembe cha shuleni, nikafunga uzi na nati ndogo katikati yake, ikawa timazi. Motokaa ikiwa imesimama juu ya magurudumu yake, bila mzigo, tulikiweka juu ya uso wa chuma ambapo propela hufungwa kwenye giaboksi ndogo. Uzi ulionyesha digrii 3. Tukakiweka kwenye uso wa difu. Digrii 7. Nyuso hizo mbili zapaswa kulingana, au kupitana kwa digrii moja hivi. Mabapa yaliyoongezwa yalikuwa na mpindo wao wenyewe. Yaliinua motokaa nyuma, tena yaligeuza ekseli ikatazama juu kuliko ilivyokusudiwa.

Dawa ilikuwa hivi. Saruji ilikuwa imekwisha chukuliwa, na kanisa limekwisha ezekwa, kwa hiyo mabapa ya nyongeza yaliondolewa yakawekwa stoo. Yubolti, zile bolti zilizopinda zifungazo springi kwenye ekseli, zikakazwa, na zikakazwa tena baada ya kilometa 1,000, maana springi iliyofunguliwa hujilaza upya. Tukapima tena: digrii 3 na digrii 4. Laiti tungalihitaji kubaki na mabapa hayo, ingalitupasa kuweka kabari za chuma kati ya springi na ekseli ili kuirudisha difu mahali pake.

Krosi ya zamani ikatolewa. Kijana aliondoa klipu, akasukuma vikombe kwa jiliwa, wala hakupiga kwa nyundo kubwa, kwa sababu masikio ya propela yakipinda hayanyoki tena. Alipoweka krosi mpya, alihakikisha hakuna sindano iliyoanguka ndani ya kikombe, kisha akaigeuza kwa kidole. Krosi nzuri hugeuka laini kila upande. Ikikwama, imefungwa vibaya. Meno yakarudishwa hata masikio yakalala katika mstari mmoja, na alama ya rangi nyeupe ikapigwa juu ya sehemu zote mbili, na juu ya nyuso za kufungia, ili mkono wowote utakaoifungua baadaye usipotee.

Gharama yote ilikuwa krosi moja, kopo la grisi, rangi kidogo, na ujira wa kijana wa siku mbili. Siku ya tatu dereva aliijaribu kwenye lami ya kuelekea Tunduma. Mpaka kilometa 80 ilikwenda kimya. Juu ya hapo bado kuna mvumo mdogo, kwa sababu bomba la propela lina bonyeo dogo la jiwe, na siku tutakapopata nafasi litapelekwa kwenye mashine ya kusawazisha. Lakini barabara zetu hazituombi mwendo huo. Juma lile lile Padre alishuka bondeni.

Mambo ya kushika

Ndugu wasomaji, huenda mmoja wenu yu mjumbe wa halmashauri, au ana mtoto dereva, au mwenyewe amenunua motokaa kuukuu ya kuchukua mazao. Shikeni mambo haya.

Usiendelee na safari kwa tetemeko la propela ukisema litazoeleka. Tetemeko hilo hula beringi za giaboksi na kutoboa sili za mafuta, kisha mwishoni giaboksi hufa kweli. Tena kuna hatari kubwa zaidi. Krosi ya mbele ikikatika katika mwendo, ncha ya propela huanguka na kuchimba ardhi, na motokaa yaweza kuinuliwa au kupinduliwa pamoja na watu walio nyuma.

Krosi hupenda grisi. Sisi huzipa grisi kila kilometa 5,000, na mara tu baada ya kuvuka mto wenye maji marefu. Pampu isukume mpaka grisi mpya ionekane ikitoka kwenye vikombe vyote vinne. Lakini pale penye meno ya kuingiana weka kiasi tu, kwa maana grisi ikijaa mno huzuia propela isifupike.

Propela isifunguliwe kamwe bila kupigwa alama kwanza. Na propela ya mbele isigeuzwe masikio kwa kufuata kanuni ya ile ya nyuma, kwa maana ziko motokaa ambazo kiwandani masikio ya mbele yamewekwa yasilingane kwa makusudi. Fuateni kitabu cha motokaa yenu.

Msiongeze mabapa ya springi bila kufikiri. Kila ukiinua motokaa, waipinda propela zaidi. Kama mzigo ni wa miezi mitatu, pengine safari mbili ndogo ni rahisi kuliko safari moja ya kuvunja.

Na la mwisho, ambalo naliona kubwa kuliko yote, motokaa na iwe na kitabu chake. Andikeni tarehe, kilometa, kilichofanywa, na nani aliyefanya. Dereva naye aandike kila asikiacho, hata kama ni neno moja. Fundi mjuzi akija bila kitabu, hana budi kubahatisha. Na fundi mdogo akiwa na kitabu, aweza kufika kwenye shina la jambo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwamba ufa haupaswi kuzibwa kabla ya kujua uko ukuta gani.

Wale waliotoa debe la mahindi kwa ajili ya motokaa ya parokia hawajui krosi wala difu, wala si lazima wajue. Wametuamini tu. Basi na tuulize kwanza, ndipo tununue.